Kinga ya Elfu Mbili na Mia Nne

Barua ya kampuni ya kadi ilifika siku ya ishirini na mbili tangu Fundi Vioo ashonwe mkono wa kulia. Mkono ulikuwa bado umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, kwa hiyo aliyeifungua alikuwa mkewe, Mama Pacha. Aliifungua amesimama, akitabasamu, maana kwa wiki tatu nyumba nzima ilikuwa imeisubiri barua hiyo kama mgeni anayejulikana kwamba haji mikono mitupu.

Mistari miwili ya kwanza aliisoma kwa sauti. Wa tatu aliusoma kimya. Kisha akarudi juu na kuanza upya, midomo ikicheza bila kutoa neno, na mumewe aliyekuwa ameketi juu ya kreti la vioo akajua kwamba mambo yameharibika.

"Wanasemaje?"

"Wanasema kinga haikuhusu." Mama Pacha aliigeuza karatasi kutazama nyuma kama kuna neno jingine, akakuta weupe mtupu. "Kinga ni ya watu walioajiriwa. Wewe huna mwajiri."

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepigwa akiwa hajajiandaa. Akamwomba mkewe asome tena. Akasoma. Akamwomba asome taratibu, akasoma taratibu, na maneno yakabaki yale yale.

Kadi hiyo aliichukua miezi thelathini na mmoja nyuma, katika duka la vifaa vya ujenzi, siku alipokwenda kutazama meza ya kukatia vioo ambayo hakuwa na uwezo wa kuilipa. Msichana mmoja aliyevaa fulana ya kampuni ya kadi alikuwa na kijimeza chake mlangoni. Alimwambia meza anaweza kuondoka nayo leo na kulipa kidogo kidogo, na juu ya hapo ipo kinga ya malipo, elfu mbili na mia nne tu kwa mwezi: ukiumia, ukiugua, kadi inajilipa yenyewe mpaka upone. Fundi alimwambia wazi kwamba yeye amejiajiri. Msichana akasema hakuna shida, akampa simu athibitishe maelezo na ofisi. Fundi akaona kampuni hii inawajua mafundi, kwani ni nani mwingine anayeshinda na kitu kinachoweza kumkata kiganja?

Na kweli kilimkata. Kioo cha dirisha la ghorofani kilimponyoka mwenzake aliyekishika upande wa pili, kikashuka, kikapita juu ya vidole vyake. Alipokuwa akishonwa, daktari alimwambia kano za vidole viwili zimekatika. Fundi hakulia. Alimwambia mkewe asiwe na wasiwasi, kinga ipo. Ndiyo maana mwezi huo hawakulipa kitu. Hela kidogo iliyokuwapo waliinunulia dawa na viatu vya shule vya pacha.

Jikoni, mama mzazi wa Mama Pacha alikuwa akimenya viazi. Alisikia kila neno, kwa sababu ukuta ule ulikuwa wa mbao. Hakutoka. Alikuwa ameishi nyumbani kwa mkwewe mwaka wa nne sasa, na kanuni yake ilikuwa moja: mkwe akianguka, usimtazame mpaka ainuke.

Kesho yake mume na mke walivaa nguo za heshima wakaenda kwenye ofisi za kampuni. Kabla ya kutoka palitokea jambo dogo. Mama Pacha alikuwa akiwavalisha watoto, muda unakwenda, na Fundi alikuwa akihangaika na vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Mama mkwe akaja, akamfunga vifungo vyote, kimoja kimoja, macho yake yakitazama ukutani. Fundi alitazama dari. Mtu mzima na watoto wake, kufungwa vifungo na mama mkwe: alihisi afadhali kile kioo kingemshukia kichwani.

Ofisi ilikuwa na baridi ya mashine na viti laini. Walichukua namba, wakangoja saa moja na nusu. Karani aliyewapokea alikuwa kijana wa kiume, mpole, shati lake limepigwa pasi vizuri kiasi kwamba Mama Pacha, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli, alilitazama kwa heshima. Karani akasukuma fomu. Kabla ya kufungua faili, mwenye kadi atie saini.

Fundi alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Akachora kitu kama mdudu aliyekanyagwa.

Karani akatazama kompyuta, akatazama fomu. "Saini hii hailingani na iliyo kwenye mfumo."

Fundi akainua bandeji. Karani akasema anaona, pole sana, ila mfumo hauoni. Mama Pacha akasema basi atie yeye, ni mkewe wa ndoa. Karani akamwambia kwa adabu ile ile kwamba yeye si mwenye akaunti, na kwamba kwa ajili ya usalama wa mteja haruhusiwi kuzungumza naye habari za mteja. Mteja alikuwa ameketi hapo hapo, goti lake likigusana na goti la mkewe.

Mwisho alitafutwa mkubwa, akaja, akaruhusu kidole gumba. Fundi alipakwa wino kama mahabusu. Watu wa kwenye viti laini walitazama, kisha wakajifanya hawakutazama.

Walichoambiwa baada ya hapo kilikuwa kibaya kuliko barua. Kwa kuwa malipo ya mwezi hayakuingia, ilitozwa ada ya kuchelewa, elfu tatu na mia tano. Na kwa kuwa sasa Fundi alihesabiwa kuwa mteja asiyelipa kwa wakati, riba yake ilipandishwa kutoka tatu kwa mia hadi tano kwa mia kwa mwezi, na si kwa manunuzi mapya tu, bali kwa deni lote la zamani.

"Lakini sikulipa kwa sababu mlisema kinga italipa," Fundi alisema.

"Kinga haikuhusu, mzee. Huna mwajiri."

"Na mmekuwa mkinikata kila mwezi."

Karani akakubali kwamba ndiyo, imekuwa ikikatwa kila mwezi bila kukosa. Alilisema kama mtu anayesifia nidhamu. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya kirafiki, akasema kuna njia ya kuwasaidia. Mfumo unaonyesha Fundi anastahili kuongezewa kikomo cha kadi. Akubali leo, achukue elfu hamsini taslimu kwenye mashine hapo nje, alipe malipo ya mwezi, abaki na akiba. Tatizo litakuwa limekwisha.

Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Kila mteja aliyekubali kuongezewa kikomo alimpatia alama moja, na mwezi huo alikuwa amebakiza alama nne kufikia lengo lake. Fundi alimtazama mkewe. Kwa muda mfupi wote wawili walikuwa tayari kukubali. Kilichowaokoa ni kwamba Mama Pacha aliuliza riba ya fedha taslimu huanza lini, na karani, kwa kuwa aliulizwa, alilazimika kujibu: siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kabla noti hazijapoa mkononi.

Wakasema watafikiria.

Siku ya sita baada ya hapo simu ililia kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Haikuwa simu ya Mama Pacha, ilikuwa ya msimamizi wake, iliyotundikwa ukutani karibu na mashine za kukausha. Msimamizi alisikiliza, akageuka, akamtafuta Mama Pacha kwa macho katikati ya mvuke. Kisha, kwa kuwa mashine zilikuwa zikinguruma, alipaza sauti ili asikike.

"Hawa wanauliza mshahara wako unalipwa tarehe ngapi. Wanasema mumeo amekimbia deni."

Wanawake kumi na wawili waliacha kukunja mashuka. Mama Pacha alikuwa ameshika pasi. Aliiona shuka ikianza kugeuka manjano chini ya pasi, akaiona kabisa, na mkono ukakataa kuinuka mpaka mwenzake mmoja alipomvuta. Shuka ilikatwa kwenye mshahara wake. Hilo aliliona haki, yeye ndiye aliyeiunguza. Lile jingine, la mtu asiyemjua kupiga simu kazini kwake na kutangaza habari za mumewe mbele ya watu, hakulipatia jina. Aliporudi nyumbani alilala kitandani na viatu.

Hapo ndipo mama yake alipotoka jikoni.

Mtaani walimwita Bi Chapa, kwa sababu kwa miaka thelathini alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Hukumu alizozipiga zingejaza chumba. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakuwahi kupandisha sauti, maana mahakamani mpiga chapa hana sauti, ana vidole. Alivuta kiti akaketi mbele ya mkwewe, mara ya kwanza kuketi naye uso kwa uso.

"Mwanangu, nisamehe naingilia. Taarifa zao za kila mwezi ziko wapi?"

Bila kuinua macho, Fundi akaonyesha kwa kidole cha kushoto mrundo wa vioo ukutani.

Kioo hakiwekwi juu ya kioo kikavu kikavu. Huwekwa karatasi katikati visikwaruzane. Na Fundi, ambaye aliziona karatasi za kampuni kuwa nene na nzuri, alikuwa amezitumia zote. Nyingine hakuwahi kuzisoma, aliangalia kiasi cha chini cha kulipa, akalipa, akaitandika. Alidhani Bi Chapa atacheka, au atamtazama kwa jicho la "binti yangu nilimpa nani?" Bi Chapa alikunja mikono ya gauni.

Iliwachukua alasiri nzima. Mama Pacha aliamka, akavua viatu, akaja kuinua vioo na mama yake, kimoja kimoja, huku Fundi akiwaelekeza wapi pa kushika na akiuma meno kila kioo kilipoyumba. Karatasi zilipatikana ishirini na tisa kati ya thelathini na moja. Mbili zilikuwa zimeshauzwa pamoja na madirisha.

Bi Chapa alizipanga mezani kwa tarehe, akachukua rula, akashuka mstari kwa mstari. Kila mwezi palikuwa na mstari ule ule: KMH, 2,400.

"Kinga ya Malipo, naielewa. Hii H ni nini?"

Hakuna aliyejua. Waliikuta nyuma ya karatasi ya pili, katika herufi ndogo ambazo Bi Chapa alizisomea juu ya miwani, pua ikigusa karatasi. Kinga ya Malipo ya Hiari.

"Hiari?" Fundi aliuliza. "Msichana alisema bila hiyo kadi haitoki."

"Hapa wameandika hiari."

Akaendelea kuhesabu kwenye daftari la pacha, upande wa nyuma. Meza ilinunuliwa kwa laki moja na elfu themanini. Mwaka wa pili Fundi alichukua vioo vya elfu kumi na tano. Alikuwa amelipa elfu tisa kila mwezi, hakuruka hata mmoja, jumla laki mbili na elfu sabini na tisa. Na kabla ya ajali deni lilikuwa bado laki moja, elfu arobaini na tatu na mia nne. Bi Chapa akafanya hesabu upya, safari hii akiiondoa kinga na riba iliyozaa juu yake mwezi hadi mwezi. Akafika mwisho, akasimamisha kalamu. Akafanya mara ya pili kuanzia juu, kwa sababu hakujiamini.

"Meza yako ingekuwa imekwisha kulipwa mwezi ule ule ulioumia," alisema. "Yote. Ungebaki na deni la vioo tu, elfu ishirini na tatu na kitu. Hii laki na ishirini iliyobaki ni kinga."

Fundi aliomba kuliona daftari. Alilitazama kwa muda mrefu ingawa namba hazikuwa ngumu. Ile elfu mbili na mia nne, bei ya soda za wageni, ilikuwa imekaa ndani ya deni lake ikila na kunenepa, na yeye ndiye aliyekuwa akiilisha. Mama Pacha alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mapema kesho yake Fundi alitafuta mkasi aikate kadi. Bi Chapa akamzuia. Kukata kadi ni kukata plastiki, akasema, akaunti inabaki hai na kinga inaendelea kukatwa. Kwanza waandike. Wasipige simu, maana maneno ya simu hupeperuka. Akamweleza kila atakachoandika ili saini, au kidole, iwe ya mtu anayejua anachokiweka. Kwamba anaifuta kinga kuanzia leo. Kwamba anapinga makato yote ya kinga, na anataka nakala ya fomu aliyojaziwa na rekodi ya ile simu ya kuthibitisha aliyopewa dukani. Kwamba kuanzia sasa wamwandikie yeye, na wasipige tena simu kazini kwa mtu ambaye si mdaiwa. Na kwamba deni la vioo analikubali, na atalipa elfu tatu kila mwezi wakati mzozo ukisuluhishwa.

"Hilo la mwisho la nini, mama?" Mama Pacha aliuliza. "Wametuibia, halafu tuwalipe?"

"Kilicho chako ukikikubali, kisicho chako unakikataa ukiwa umesimama wima."

Barua waliipeleka wenyewe, nakala mbili. Bi Chapa alimwomba karani yule yule agonge muhuri kwenye nakala yao, wenye tarehe. Karani akasema hawagongi mihuri, barua zinatiwa kwenye kisanduku. Bi Chapa akasema sawa mwanangu, nitangoja mwenye ruhusa ya kugonga. Akaketi kwenye kiti laini na mkoba wake mapajani. Alikaa saa ya kwanza. Saa ya pili akatoa chungwa, akalimenya, akampa nusu mama mmoja aliyekuwa jirani yake na kumweleza, kwa sauti ya kawaida tu, kilichomleta. Mama yule akatoa taarifa yake kwenye mkoba akaanza kutafuta KMH. Aliyeketi baada yake naye akatoa ya kwake. Muhuri ukapatikana.

Nakala ya fomu ilikuja baada ya wiki tatu, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Mahali pa kazi: Ameajiriwa. Mwajiri: jina la duka la vifaa vya ujenzi, lile lile alikonunua meza. Cheo: mhudumu. Mshahara: elfu arobaini kwa mwezi. Chini yake, saini ya Fundi, safi, iliyonyooka, saini ya mkono uliokuwa mzima. Na juu ya fomu palibanwa kikaratasi cha mistari miwili kikimkumbusha mteja kwamba kutoa taarifa za uongo ili kupata mkopo ni kosa la jinai.

Fundi alikaa chini sakafuni, pale pale penye vumbi la vioo. Akasema hajawahi kufanya kazi hapo hata siku moja. Akasema alitia saini mara tatu kwenye kioo cha mashine ya yule msichana, hakuona kilichoandikwa juu yake, alidhani anapokea kadi. Akasema waache. Walipe tu. Watamfunga, na pacha watasema nini shuleni.

"Kwa hiyo nilipoumia walisema sina mwajiri," alisema baadaye, taratibu, kama anayejaribu kuinua kitu kizito kwa mkono mmoja. "Na kumbe kwenye karatasi zao ninaye."

"Hapo," Bi Chapa alisema. "Hapo hapo umepashika."

Msuluhishi wa malalamiko ya huduma za fedha, ambaye Bi Chapa aliwapeleka kwake na karatasi zote, alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye mafua. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, bila lifti, na hakukuwa na ada ya kupeleka lalamiko. Jambo hilo Mama Pacha aliliuliza mara mbili kwa kutoamini. Siku ya kusikilizwa walikuja wao watatu, akaja mwanasheria wa kampuni na kompyuta yake ndogo, na akaja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyeitwa kama shahidi. Huyu alikuwa mzee mwenye penseli sikioni, aliyefunga duka saa za wateja na hakuficha kwamba amekasirika. Akasema huyu fundi ni mteja wake, mtu mzuri, lakini hajawahi kumwajiri. Duka lina wafanyakazi wanne, na mmoja wao ni mkewe.

Mwanasheria akasema basi ni wazi mteja alidanganya. Msuluhishi akapenga kamasi, akaomba rekodi ya simu. Mwanasheria akasema kwanza kwamba haikupatikana, kisha, alipoonyeshwa barua ya agizo, akasema imepatikana jana. Akaigeuza kompyuta.

Ilisikika sauti ya mwanamke, ya haraka, iliyochoka. Akauliza jina, akauliza umri. Kisha: "Unafanya kazi wapi?"

"Najifanyia mwenyewe. Fundi vioo." Ilikuwa sauti ya Fundi, changa kidogo, yenye furaha. Mama Pacha alifumba macho kwa nafuu.

"Mfumo hauendelei bila mwajiri. Sasa hivi uko wapi?"

"Niko hapa dukani, kwa vifaa vya ujenzi."

"Basi niandike hapo hapo. Sawa?"

Kikasikika kicheko. "Andika tu, dada. Nina gari nje linasubiri meza."

Rekodi ikaisha. Fundi alikuwa ametoa macho akiitazama kompyuta kama kwamba mtu ametoka ndani yake amevaa nguo zake. Hakuwa anakumbuka. Kwa wiki zote zile alikuwa ameapa mbele ya mkewe na mama mkwe kwamba hakujua, na alikuwa ameapa kwa moyo mweupe. Uso ulimwaka, akasubiri mwanasheria aseme mnaona.

Mwanasheria alisema mnaona. Msuluhishi akamwambia anaona, ndiyo, ila anaona vitu viwili. Anamwona mteja aliyekuwa na haraka. Na anaiona kampuni iliyoambiwa ukweli kwa mdomo, ikaandika uongo kwa mkono wake yenyewe, ikauza kinga kwa uongo huo miezi thelathini na mmoja, na siku ya kulipa ikaukumbuka ukweli. Kisha akauliza swali ambalo hata Bi Chapa hakulitegemea. Ni wateja wangapi wengine wa kinga hii walioandikwa kuwa wafanyakazi wa duka hili?

Mwanasheria alisema hiyo si sehemu ya shauri. Msuluhishi akasema atangoja. Mwanasheria akapiga simu kwenye korido. Waliuona mgongo wake kupitia kioo cha mlango, na Fundi, ambaye jicho lake halilali, aliona kwamba kioo kile kimewekwa kinyume. Alirudi baada ya robo saa, akaandika namba kwenye kikaratasi, akakisukuma mezani bila kuitamka.

Msuluhishi aliitamka. "Mia mbili na kumi na saba."

Mwenye duka akatoa penseli sikioni, akairudisha, akaitoa tena. "Mia mbili na kumi na saba wapi?"

"Dukani kwako, mzee."

"Watakaa wapi?" aliuliza, na hakuwa anatania. Akaketi chini, rangi imemtoka. Baadaye kidogo akauliza, kwa sauti ndogo, kama atatakiwa kuwalipia kodi.

Uamuzi ulitoka kwa maandishi mwezi uliofuata. Kinga yote ifutwe pamoja na kila riba iliyozaliwa juu yake, ada ya kuchelewa ifutwe, riba irudishwe tatu kwa mia tangu siku ilipopandishwa, na msimamizi wa chumba cha kufulia aandikiwe barua ya kuomba radhi. Deni la vioo libaki. Kwa mkono wake Fundi hakupata kitu, kwani kinga isiyomhusu haikuweza kumlipa, na kidogo kwa sababu ya "andika tu." Hilo msuluhishi alilisema waziwazi, kwa upole, na Fundi hakupinga.

Bandeji ilitoka. Vidole viwili havikukunjika tena. Alijifunza kupima kwa kushoto, na kijana aliyeponyokwa na kioo siku ile alikuja kumkatia kwa nusu ya malipo, akisema haja ya kumwomba msamaha imemchosha. Mama Pacha aliendelea na mashuka. Barua ya radhi msimamizi aliisoma kimya akaitia droo. Kumtangaza alitumia sauti, kumsafisha hakuitumia, na Mama Pacha aliliona hilo.

Asubuhi moja ya katikati ya wiki, Fundi alipofungua mlango wa karakana, alimkuta mwanamume asiyemjua amesimama na bahasha nene kwapani, mguu mmoja ukiwa umenyooka kama fimbo. Alisema yeye ni mshona viatu, alivunjika goti, kinga ikamkataa. Ameambiwa hapa yupo mama anayejua kuandika barua.

"Nani amekwambia?"

"Mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilikwenda kumuuliza kama ni kweli ananiajiri. Alikuwa na orodha, amechoka kweli." Mtu yule akashusha macho. "Mimi ni wa arobaini na tatu."

Fundi alimtazama, kisha akampa mkono wa kulia, ule wa vidole viwili vilivyonyooka, bila kuuficha.

"Karibu, mfanyakazi mwenzangu," alisema.

Ndani, Bi Chapa alikuwa ameshavaa miwani na kuuliza kwa sauti kama amekuja na karatasi zote. Mshona viatu akasema ndiyo, zote, lakini hakuingia. Aligeuka nyuma, akawaashiria wengine. Walikuwa upande wa pili wa barabara, kama ishirini hivi, wazee na vijana, kila mmoja na bahasha yake, wamejipanga mstari bila kuambiwa na mtu, kama wafanyakazi siku ya mshahara.